Mto ulichukua nyumba yangu Mei 2020. Watu wanasema nimebadilika, nataka tulizungumze hili kwa ukweli

Mama Mivumba, Kasese

Habari zenu wakuu. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauacha ulivyo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza nguo za mivumba, yaani mitumba, hapa Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, na siku nyingine navuka na mzigo hadi soko la Mpondwe, mpakani. Wateja wangu wengi wa kule ni Wakongomani, ndiyo maana Kiswahili kimekuwa lugha ya tumbo langu na sasa hata ya mawazo yangu. Hadi Mei 2020 tulikuwa tunakaa upande wa Kilembe, karibu na mto Nyamwamba. Wanaoujua mto ule wanaelewa: unateremka kutoka milima ya Rwenzori, na siku za kawaida unauvuka ukiwa umekunja gauni magotini. Ulikuwa umeshatuonya Mei 2013. Lakini miaka saba ikipita mtu husahau, au hujisahaulisha kwa kuwa kodi ya huko ni nafuu.

Usiku ule tulisikia mawe kabla ya kusikia maji. Mawe yanagongana ndani ya mto, ardhi inatetemeka. Hadi leo lori likimwaga kokoto karibu yangu, mwili wote hufa ganzi. Tulitoka na watoto na blanketi moja. Asubuhi nyumba haikuwepo. Cherehani haikuwepo. Marobota mawili ya nguo niliyoyachukua kwa mkopo hayakuwepo, ila mkopo ulikuwepo. Hata hospitali ya Kilembe, nilikozalia watoto wangu wote, maji yaliiharibu vibaya.

Tulilala darasani. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya corona, kwa hiyo madarasa yalikuwa wazi, na sisi tuliokosa makao tukajazana humo huku redio inatuambia tusikaribiane. Usafiri uliporuhusiwa mume wangu alikwenda Kampala kutafuta kazi. Yu hai. Ana nyumba nyingine. Hapo sina la kuongeza.

Miezi iliyofuata sikuwa mtu. Naamka, nachota maji, narudi kulala. Kichwani nilikuwa na hesabu moja tu inayojirudia: ningehama baada ya 2013, ningeyapeleka marobota kwa dada yangu, ningemwambia mume wangu asiende. Ningali na ningeli mchana kutwa.

Kilichonitoa ni kitu kidogo sana. Mjane mmoja tuliyelala naye darasa moja alikuwa kwenye kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Mnajua sanduku lile la chuma lenye kufuli tatu: funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, na sanduku halifunguliki mpaka wote watatu wafike. Mwenye ufunguo mmoja alikuwa amehamia kwa ndugu zake. Sikuwa na hata shilingi ya kununua hisa. Mama yule akasimama akasema ufunguo huo nipewe mimi.

Mimi, mwenye deni, ambaye sikuwa hata na mlango wa kufunga, nikapewa ufunguo wa pesa za watu ishirini na tano. Nilitaka kukataa. Baadaye nikaona maana yake: nisipofika Alhamisi, siku ya kikao, hakuna anayekopa, hakuna anayelipa karo, hakuna anayempeleka mtoto kliniki. Ikabidi nioge. Ikabidi nifike. Na nikishafika, sanduku likishafungwa, wale kina mama hawaondoki. Wanamenya karanga na kusimulia. Wiki ya kwanza nilisikiliza tu. Nadhani ilikuwa wiki ya sita nilipoeleza habari ya yale mawe. Mwenzangu akasema yeye pia aliyasikia, akaogopa kumwambia mtu asije akaonekana amerukwa na akili.

Miaka imepita. Watu wanaonifahamu wanasema nimekuwa mtu mwingine, na si uongo. Zamani nilikuwa mtu wa mlango kufungwa, jirani akifiwa natuma mchango na mtoto. Siku hizi nakwenda mwenyewe, nalala msibani, naosha masufuria. Zamani kikao cha kijiji nilikaa nyuma. Sasa nasimama mbele ya mwenyekiti na kuuliza maji yakija tena wazee watatolewa na nani na kwa njia ipi, nami sikai mpaka nijibiwe. Nimejenga vyumba viwili juu, mbali na mto.

Sasa hoja yangu. Nimeambiwa kanisani, sokoni na hata na ndugu wa damu kwamba yale mafuriko "yalikuwa baraka". Mimi sikubali. Mto haukunifundisha kitu. Mto ulichukua vitu na kuua watu. Ukinipa leo nyumba yangu ya zamani, cherehani yangu na ndoa yangu, nitavipokea kwa mikono miwili.

Mtoto wangu wa kwanza anasoma uuguzi, ndiye aliyeniletea maelezo ya wataalamu wawili wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Charlotte, Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun. Jambo hili, mtu kubadilika na kukua baada ya janga, walilipa jina miaka ya 1990. Kwa Kiswahili tunaweza kuliita ukuaji baada ya kiwewe. Mwaka 1996 walitoa kipimo chenye kauli 21. Unajipima uhusiano wako na watu, njia mpya za maisha ulizoziona, nguvu uliyoigundua ndani yako, imani, na jinsi unavyothamini siku unayoamka. Nilijijaza mwenyewe kwa kalamu. Kwenye watu na nguvu nimepata juu. Kwenye imani sijui niseme nini, kuna siku naomba kwa machozi ya shukrani na kuna siku naomba nikiwa nimekasirika.

Lakini kilichonigusa si kile kipimo, ni neno lao kwamba ukuaji hautokani na janga lenyewe, unatokana na kule kuhangaika nalo. Wanalifananisha na tetemeko la ardhi. Yale uliyoyaamini kuhusu dunia, kwamba ukifanya kazi kwa bidii utalala salama, yanaanguka kama nyumba, na wewe unalazimika kujenga mengine. Wanatofautisha pia mawazo yanayokuvamia na mawazo unayokaa nayo kwa kutaka. "Ningehama" yangu ilikuwa ya kuvamia. Alhamisi za karanga zilinifundisha kukaa nayo. Na wanasema maumivu hayaondoki ukuaji ukiingia. Vinalala kitanda kimoja.

Naomba kusikia kwenu. Mliopitia magumu, ni nini kilichowabadilisha? Na kama hakuna kilichobadilika, semeni pia.

---

Mwalimu wa Chapati, Mbale

Pole sana mama, na hongera kwa huo ufunguo.

Mimi nilikuwa nafundisha shule ya binafsi. Machi 2020 shule zikafungwa, mshahara ukakatika mwezi huo huo. Madarasa mengi hayakufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Karibu miaka miwili! Nikauza redio, nikauza baiskeli, halafu nikaweka jiko la mkaa kando ya barabara nikaanza kukaanga chapati na mayai. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikiona mzazi wa mwanafunzi wangu anakuja, nageuka nyuma najifanya napuliza moto.

Siku moja mwanafunzi wangu wa darasa la sita akapita anauza mahindi ya kuchemsha. Hakuniona aibu hata kidogo. Aliniamkia "mwalimu" vile vile kama darasani, akaniuliza hesabu ya faida: akinunua mahindi ishirini, kisha manne kati yake yakaharibika, auze yaliyobaki kwa bei gani. Tukapiga hesabu kwenye karatasi ya kufungia chapati. Kesho yake akaja na wenzake wawili.

Nimerudi kufundisha. Jiko ninalo bado, jioni. Kilichobadilika ni kwamba mtoto akichelewa simsimamishi nje tena. Namuuliza ametoka wapi asubuhi hiyo. Wengi wametoka kazini, wakuu. Watoto wa miaka kumi na mbili wametoka kazini.

---

Baba wa Arua

Mama Mivumba nakuheshimu, lakini umesema tuseme, basi nasema.

Nilizika kijana wangu wa miaka 22. Bodaboda. Alikuwa anarudi nyumbani, lori halikuwa na taa. Miaka miwili sasa. Sijakua. Nimepungua. Nilikuwa mtu wa kucheka, mtu wa kuimba kwaya, na sasa mke wangu anasema ananisikia nikitembea ndani ya nyumba usiku mzima. Sijaanzisha chama, sijawa mtu mwema zaidi, watu wananichosha.

Kila ninakokwenda kuna mtu ananiambia "Mungu ana makusudi, utatoka hapa ukiwa na nguvu." Nikisoma nyuzi kama hizi naona kama nimefeli hata kufiwa. Kama wengine wamepewa mtihani wakapita, mimi nimeangushwa.

---

Mama Mivumba, Kasese

Kaka yangu, pole. Pole sana. Nilizungumza juu ya nyumba na vitu, na hata mume wangu yu hai. Wewe unazungumza juu ya mtoto. Sikupaswa kuviweka kwenye kapu moja na naomba unisamehe.

Hukufeli. Nimesoma ujumbe wako mara mbili nikaiweka simu chini.

---

Mshauri, Masaka

Nimefanya kazi ya ushauri nasaha vijijini kwa miaka mingi, naomba nichangie kwa ajili ya Baba wa Arua hasa.

Mzee wangu, kwanza ujue kwamba hata watafiti hawakubaliani kuhusu huu ukuaji. Mwaka 2009 Patricia Frazier na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo walipimwa kabla ya kupatwa na tukio zito, kisha wakapimwa tena baada yake. Waliosema "nimekua" kwa sehemu kubwa hawakuwa ndio waliobadilika kwenye vipimo. Wengine husema wamekua kwa sababu inawasaidia kuvumilia. Silaumu. Lakini maana yake ni kwamba hakuna haki ya kumdai mtu ukuaji kama anavyodaiwa kodi. Aliyevuka akiwa hai amevuka.

Pili, kuna jambo lililofanyika hapa hapa kwetu ambalo Waganda wengi hatulijui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikuja Masaka na Rakai, sehemu ambazo ukimwi ulikuwa umeacha makaburi karibu kila boma. Hawakuanza na maneno ya vitabu vya Ulaya. Waliwauliza wanakijiji: watu hapa wanaumwa nini? Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, *okwekyawa*, kujichukia, na *okwekubazida*, kujihurumia mpaka ukashindwa kusimama. Yakawa ndiyo maneno ya kazi.

Wakachukua vijiji 30. Kwenye vijiji vingine waliwachukua wanaume tu, vingine wanawake tu, kwa sababu mwanamume hatalia mbele ya shemeji yake. Viongozi wa vikundi walikuwa watu wa kawaida wanaojua lugha, waliofunzwa wiki mbili tu, si madaktari. Kikundi kikakutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki 16. Walizungumza nini? Kifo cha mpendwa, ugomvi, na maisha yaliyogeuka ghafla. Matokeo yalichapishwa 2003. Kabla ya kuanza, watu 86 kati ya kila 100 kwenye vikundi walikuwa na sonona kubwa. Baada ya wiki 16 walibaki kama 6 au 7. Vijiji ambavyo havikupata vikundi vilishuka pia, lakini kutoka 94 hadi 55 hivi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo ili itumike nchi nyingine. Mimi nilipojua hilo nilijisikia fahari, kwa sababu hicho kikao cha kwanza kilikaa kwenye mikeka yetu.

Ukiangalia vizuri, Alhamisi ya Mama Mivumba inafanana nacho. Hakuna aliyemwambia akue. Walimwambia afike.

Na mzee, huko kutolala miaka miwili si udhaifu wala si kukosa imani. Huenda ni ugonjwa unaotibika. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na ya Arua mnayo karibu. Usingoje mpaka ikubidi upelekwe Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Nenda na mama nyumbani, maana naye amezika mtoto.

---

Mzee wa Lira

Vijana, salamu. Nimesoma kimya, lakini Mshauri amenifanya nikumbuke kitu.

Tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA wa Joseph Kony waliingia usiku shule ya wasichana ya Aboke, hapa kwetu, wakachukua mabinti 139. Sista Rachele, Mtaliano, aliwafuata porini kwa miguu na mwalimu mmoja, akawaomba uso kwa uso. Alirudi na 109. Wakabaki 30.

Mmoja wa wale 30 alikuwa mtoto wa Angelina Atyam, mkunga wa hapa Lira. Wazazi wakaanza kukutana kuomba pamoja. Alisimulia mwenyewe kwamba walikuwa wakisali Baba Yetu, wakafika pale pa "utusamehe makosa yetu kama nasi tunavyowasamehe", midomo ikafunga. Hakuna aliyeweza kuendelea. Walitoka nje kimya. Ilichukua muda mrefu kuyamaliza maneno hayo.

Wakaunda chama cha wazazi, wakapaza sauti mpaka Umoja wa Mataifa ukampa Atyam tuzo ya haki za binadamu mwaka 1998. Waasi wakaleta habari: nyamaza, tutakupa mwanao. Akasema anataka watoto wote. Fikiria uzito huo kwa mama. Binti yake alitoroka mwenyewe 2004.

Sisimulii haya kumwambia Baba wa Arua awe Atyam. La. Nayasimulia kwa sababu ya ile siku walipotoka nje kimya. Watu wakisimulia habari zake huanza na ile tuzo. Mimi naona siku ya kimya nayo ni sehemu yake, na ndugu yangu, huenda uko kwenye siku hiyo. Hata mtakatifu angekaa hapo.

---

Nyabo wa Mulago

Mzee umenitoa machozi. Nitaongeza dogo tu: Noerine Kaleeba alikuwa akitibu viungo hapa hospitali ya Mulago, Kampala, mume wake alipofariki kwa ukimwi Januari 1987. Siku zile watu walikuwa wanaogopa hata kushika mkono wa mgonjwa. Mwaka huo huo, yeye na wenzake wachache, wengi wao wakiwa wagonjwa wenyewe, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye ukimwi. Walianza kwa kukutana na kushikana mikono. Wengi wa waanzilishi wale hawakuishi muda mrefu baada ya hapo. Huwa nawaza juu yao kuliko juu ya waliobaki: walijenga nyumba ambayo walijua hawatailala.

---

Baba wa Arua

Nimewasoma wote. Mshauri, nimemwonyesha mke wangu. Amesema twende Jumatatu. Hakuwahi kuniambia kwamba naye halali. Tulikuwa tunatembea kwa zamu bila kujua.

Mama Mivumba, nina swali. Wewe ulipewa ufunguo. Mimi hakuna aliyenipa kitu. Na kusema kweli mimi ndiye niliyekimbia. Kuna steji ya boda alikokuwa akikaa mwanangu, karibu na soko. Vijana wale walibeba jeneza. Tangu mazishi nazunguka barabara ya nyuma nisipite pale.

---

Mama Mivumba, Kasese

Kaka, wale nao walifiwa. Pita tu. Kama huna la kusema usiseme, kaa kwenye benchi lao. Mimi wiki tano nzima nilimenya karanga bila kufungua mdomo na hakuna aliyeniuliza.

---

Mwalimu wa Chapati, Mbale

Tunasubiri habari zako mzee. Na kama hutapita leo, bado tuko.

---

Baba wa Arua

Nimetoka huko sasa hivi.

Wana ubao pale stejini wenye majina ya wanachama na namba zao. Jina lake bado lipo. Namba 14. Mwenyekiti wao, kijana mdogo tu, ameniambia walikubaliana namba hiyo isipewe mtu mwingine. Mwanachama mpya alipokuja walimpa 31.

Walinipa kiti. Mmoja akaanza kusimulia jinsi mwanangu alivyokuwa akiimba akiwa na abiria, nyimbo zangu za kwaya, sauti ya pili, na abiria wengine wakimwomba anyamaze. Sikujua kwamba alikuwa akiziimba. Nimekaa hadi saa mbili usiku.